Suruali Isiyohitaji Mkanda

Jumapili, 3 Machi

Fundi wangu,

Nimefika salama. Dada alinipokea kituoni, akanishika mkono kama mtoto anayevushwa barabara, na tangu hapo hajaniachia. Amenipa chumba cha mwanawe aliyeoa, chenye kabati lisilofunga na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Nalala vizuri, ila yeye anasema nakohoa mpaka vikombe vinacheza. Anatia chumvi, unamjua.

Usishangae naandika badala ya kupiga simu. Nikishika simu nakohoa, wewe unanyamaza, na mimi nanyamaza, basi mazungumzo yetu yote yanakuwa kikohozi. Halafu nyumba hii simu ikilia kila mtu anatega sikio. Basi la vifurushi linakuja huko kila siku, barua zitapita humo.

Sasa ya hospitali. Kliniki ya kifua wameiweka ghorofani, sijui nani aliwashauri, maana wagonjwa wake wote ni watu wasioweza ngazi. Ukifika juu unakaa kwenye benchi unahema na wenzako. Daktari ni binti mdogo kuliko mwanetu wa kwanza, mpole, anaandika huku anasikiliza. Aliipachika picha ya kifua changu kwenye taa, akanionyesha kile kivuli walichokiona huko kwetu. Kwenye makohozi hawakuona kifua kikuu. Akasema kivuli kinaweza kuwa kovu la zamani, na kinaweza kuwa saratani ya mapafu. Alilitaja neno hilo bila kupepesa macho. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Yakaja maswali. Sigara? Nikasema niliacha tulipooana, kwa sababu mke wangu alilalamika vitambaa vinanuka. Damu kwenye makohozi? Hapana. Umepungua mwili? Hapo nilisimama, Fundi. Nikafungua koti, nikamwambia, "Daktari, tazama suruali hii. Mke wangu aliishona miaka kadhaa iliyopita. Mimi sivai mkanda. Mkanda ni wa mtu ambaye fundi wake hamjui. Ningekuwa nimepungua, si ingekuwa magotini saa hizi?" Akacheka. Walinipandisha kwenye mizani, wakaniuliza zamani nilikuwa na kilo ngapi, nikasema mara ya mwisho kupimwa nilikuwa shuleni. Akaitazama tena suruali, akaandika.

Kwa kuwa sijapungua na sioni damu, amesema hakuna haraka ya kunipitisha mpira kooni wa kuchungulia mapafu. Nimwone tena Alhamisi ya tarehe 14, akiridhika nirudi nyumbani, picha irudiwe baada ya miezi mitatu. Dada alikaa kimya muda wote, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Kwa hiyo nguo zako zimenitetea kuliko wakili. Waambie wateja Bosi anarudi.

Mumeo,
Bosi asiye na kampuni


Jumatano, 6 Machi

Bosi wangu,

Barua yako imefika, nimeisoma nikiwa nimesimama. Nashukuru umelala vizuri na dada yako anakuangalia. Huku hatujambo. Mwalimu mkuu amekuja kuchukua suti yake, akaulizia aliko yule bwana anayependeza mlangoni. Nikasema amesafiri. Akasema duka limepoa bila wewe, na ni kweli. Mtu akikuona umevaa ndipo anapotamani kushonewa.

Hayo ya daktari nimeyasikia. Hiyo mizani yao ilisema kilo ngapi? Hukuniambia. Na je, hawezi kukupitisha huo mpira hata kama hajaona haraka, maadamu umeshafika huko? Ni wazo tu. Vaa sweta asubuhi.

Mkeo,
Fundi


Jumatano, 6 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Hii nimeitia bahasha yake peke yake. Tafadhali isome ukiwa mwenyewe.

Mdogo wako amekonda. Najua umeona. Amekonda tangu mvua zilizopita, na mimi ndiye niliyefanya asijue.

Ilianza na suruali ya kijivu. Msusi wa mlango wa pili alisimama kizingitini kwangu akasema kwa sauti ya chini, "Mama, Bosi wako anaisha. Mpeleke akapime." Unajua watu wakisema "akapime" wanamaanisha nini. Nilicheka, nikasema siku hizi anafanya mazoezi. Alipotoka nilibaki uso unaniwaka. Nilijiona mimi ndiye niliyevuliwa nguo. Kesho yake mume wangu alipokwenda kununua vitambaa, nilifumua kiuno cha ile suruali, nikakibana, nikakirudishia. Aliivaa, akajitazama kwenye kioo cha duka, akajipiga kofi tumboni kama kawaida yake. Tumbo lenyewe halikuwepo, ila suruali ilimkaa.

Basi nikaendelea na nyingine. Mashati nikabana mbavuni. Makoti yalinisumbua kwa sababu ya bitana. Nilipomaliza zote, zile za mwanzo zilikuwa zimeshaanza kupwaya, nikarudia. Nikaanza pia kumpigia pasi nguo zake mwenyewe asije akaziona kwa ndani, yeye ambaye kazi yake dukani ni pasi. Akafurahi, akasema nimekuwa mke mwema uzeeni.

Nitakuambia lililo baya zaidi, Wifi. Nilikuwa naona fahari. Mishono haikuonekana. Nilikuwa nasimama nyuma yake kwenye kioo na kujisifu kimoyomoyo.

Sikuwaza kwamba iko siku daktari atauliza na mwenzangu atatoa suruali kuwa ushahidi. Niliwaza wateja, niliwaza maneno ya msusi, na mahali fulani ndani yangu niliona kwamba nguo ikimkaa basi mume wangu bado yupo mzima. Sasa wanataka kumrudisha nyumbani akae miezi mitatu na kile kivuli.

Nakuomba umwone daktari kabla ya hiyo Alhamisi ya wiki ijayo. Mwambie faraghani kwamba mdogo wako amepungua, sema umeona kwa macho yako. Usinitaje, na yeye asijue. Nikifikiria atakavyonitazama akijua, nashindwa hata kutia uzi kwenye sindano.

Wifi yako


Jumamosi, 9 Machi

Wifi,

Nimeisoma barua yako jikoni kwenye shule ninakopika, kati ya masufuria, wasichana ninaofanya nao kazi wakadhani nimefiwa.

Nilitaka kukuporomoshea maneno. Halafu nikakumbuka siku aliposhuka kwenye basi. Nilikuwa namtafuta mtu mwenye mwili wa mdogo wangu, nikaona suti yake inakuja na ndani yake kuna mtu mwembamba. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia umependeza. Na pale kliniki aliposimama akafungua koti, mimi nilikuwa naona mifupa ya shingo yake, nikatazama dirishani. Kwa hiyo sina mdomo wa kukusema sana.

Lakini unaloniomba silifanyi. Nikisema mimi, atasema dada ana wasiwasi tangu azaliwe, kisha atasimama tena na kufungua koti, na daktari atacheka tena. Suruali yako ina nguvu kuliko mimi. Uliyeishona ni wewe, basi mfumulie wewe. Mwandikie. Barua iwe mkononi mwake kabla ya Alhamisi. Isipofika nitasema mimi, tena nitasema mbele ya daktari, na hapo atakuwa ameaibika mara mbili.

Ameamka sasa hivi, anauliza kama chai iko tayari. Hajamaliza sahani ya jana.

Wifi yako


Jumatatu, 11 Machi

Mume wangu,

Chukua wembe. Mwombe dada yako akupishe chumbani. Geuza ile suruali ya kijivu ndani nje, fumua mshono wa nyuma kuanzia kiunoni kushuka, halafu na ya pembeni. Fanya taratibu, uzi ni imara.

Utakuta kitambaa kimekunjwa kila upande. Rangi yake bado mpya kwa sababu hakijaona jua. Hicho chote kilikuwa wewe.

Nimekuwa nikibana nguo zako tangu mvua zilizopita, zote, mpaka koti ulilovaa safarini. Umepungua sana, na mimi nilijua kabla ya mtu yeyote. Sikukuambia kwa sababu niliona aibu. Sitasema nilikuonea huruma wewe, maana ningekuwa naongeza uongo mwingine. Watu walianza kukutazama, nikaona wananitazama mimi.

Ulimwambia daktari kwamba hujapungua. Uliongea kweli unayoijua, uongo ulikuwa wangu. Sasa mwambie Alhamisi kwamba umepungua, tena sana, na suruali mwonyeshe. Asikurudishe nyumbani. Nataka urudi kuliko kitu chochote, lakini usirudi na kivuli hicho bila kujulikana ni kitu gani.

Baada ya hapo nifanye utakavyo.

Mkeo


Ijumaa, 15 Machi

Mke wangu,

Nimefumua. Nilisimama katikati ya chumba cha mpwa wangu nimeshika suruali kwa mkono isianguke, mtu mzima mimi, wajukuu wa dada wakicheza nje ya mlango. Nilikaa kitandani nikajitazama mapaja. Sikuwa nimeyatazama muda mrefu.

Dada hana mkanda nyumbani, mumewe alikufa zamani. Nilikwenda kwa daktari nimejifunga kamba ya pazia. Kwenye ngazi nilisimama kila baada ya hatua chache, kwa pumzi na kwa kuipandisha suruali. Alipouliza habari, nilifungua koti tena. Safari hii hakucheka mtu. Alinikalisha, akaita mwenzake, wakainamia picha wakisemezana. Nimepangiwa picha ya mashine kubwa, halafu mpira wenye kamera utapitishwa kooni ukachukue kinyama cha kupimwa. Habari ya kurudi nyumbani imekufa.

Nilimwambia nilidanganya kwa woga. Wewe sikukutaja. Usinishukuru, niliona haya tu kueleza kwamba nimevishwa kama sanamu ya kwenye dirisha la duka na sikujua.

Kinachonikera ni pasi. Nilimsimulia kila mteja jinsi mke wangu anavyoninyooshea nguo mwenyewe siku hizi. Nilimsimulia hata mwalimu mkuu. Ulikuwa umekaa palepale kwenye cherehani unanisikia, na ukatabasamu.

Usije. Dada anatosha.

Mumeo


Jumatano, 20 Machi

Mume wangu,

Umesema nisije, sitakuja. Nimeanza kuandika msamaha mara nyingi, kila nikiusoma naona najitetea, nachana. Kwa hiyo nakupa habari za duka tu.

Msusi alikuja akauliza kama bado unafanya mazoezi. Nilimwambia hukuwahi kufanya mazoezi yoyote. Nikamwambia unaumwa pafu, unapimwa saratani, na mimi nilikuwa nabana nguo zako watu wasijue. Alishika mdomo. Halafu akakaa kwenye kiti chako. Mteja aliyekuwa anasubiri alijifanya anachagua vifungo. Niliona aibu mpaka masikio yakaziba, lakini nilimaliza kusema.

Nguo zako zilizobaki huku nimezifumua zote. Zimening'inia ukutani, kubwa kama ulivyokuwa. Sijui ni za nini sasa, ila hazisemi uongo.

Ukiwa na nguvu niandikie hata mstari mmoja kuhusu huo mpira. Usipoandika nitaelewa.

Mkeo


Jumanne, 2 Aprili

Wifi,

Najua hajakuandikia. Mpira ulimtesa, koo lilivimba, alikaa siku nzima anatema damu kidogo kwenye kitambaa na hataki nikione. Leo kifua kilimkaba, akabaki kitandani, nikaenda mimi kuchukua majibu.

Ni saratani. Iko pafu la kulia. Daktari anasema hawajaiona mahali pengine, lakini si ndogo. Wenzake watakaa waangalie kama ni ya kupasua au ni ya dawa, na Jumatano ya wiki ijayo anataka nimpeleke mdogo wangu akaelezwe mwenyewe.

Nilirudi nyumbani nikamwambia majibu bado. Ndivyo nilivyosema, kama mtu anayesema maji yamekatika.

Wifi, hatalistahimili neno hilo. Tangu siku ya suruali hacheki, sahani inarudi ilivyokwenda. Naomba tumwambie ni jipu kwenye pafu. Dawa atapewa zilezile, yeye ajue ni za jipu. Daktari nitampigia magoti. Lakini habari itoke kwako. Mimi nikisema ataisoma machoni mwangu, wewe uko mbali. Na wewe atakuamini. Umeshakiri makubwa, hatarajii kwamba utadanganya tena.

Nakumbuka vizuri nilivyokufokea mwezi uliopita. Naandika haya huku najionea haya. Lakini nilimbeba mgongoni huyu, mama alipokuwa kazini. Nisaidie.

Wifi yako


Alhamisi, 4 Aprili

Mume wangu,

Kaa chini kabla hujaendelea.

Ningeweza kupiga simu, ila ungekohoa nami ningekitumia kikohozi chako kukata maneno. Na sikutaka kuja kukuambia uso kwa uso, kwa sababu ungelazimika kuutazama uso wangu wakati unasikia, na sijui kama umeshaweza.

Majibu yako yalitoka Jumanne. Ni saratani ya pafu. Iko upande wa kulia. Kwingine hawajaiona. Si ndogo. Jumatano ijayo madaktari watakuambia kama watapasua au watatoa dawa. Hayo ndiyo yote ninayoyajua, sijapunguza na sijaongeza.

Dada yako alikuambia bado kwa sababu anakupenda na ameogopa. Aliniomba nikuandikie kwamba ni jipu. Usimgombeze, maana mimi nilikubali. Jana niliandika barua ya jipu, ndefu, yenye dawa na utani na salamu za wateja. Nilipomaliza nikaisoma, nikaona imekaa vizuri, haipwayi popote. Hapo ndipo nilipoichana.

Naijua hofu yako, nimelala nayo kitanda kimoja miaka yote hii. Najua ukiogopa unafanya mzaha. Sina uhakika kama nimekutendea wema kukuambia. Huenda dada yako ndiye mwenye busara na mimi ni mwanamke anayetaka kujisafisha kwa kukuumiza. Nimelifikiria hilo pia, na nimeona haya, na bado nimeandika. Mwili ni wako. Mara ya kwanza niliuficha hata kwako, ukasimama mbele ya daktari hujui umebeba nini. Sitaki usimame hivyo tena Jumatano.

Ulisema nisije. Nimetii mpaka leo. Jumatano nitakuwa kwenye lile benchi la ghorofani kabla yenu. Ukitaka nisiingie ndani na wewe nitabaki nje na wanaokohoa, lakini nitakuwepo. Duka nimelifunga, mlangoni nimeandika kwamba mume wangu anaumwa.

Mkeo


Jumamosi, 6 Aprili

Fundi,

Dada alinipa barua yako ikiwa imefungwa, akaenda jikoni akajifanya anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Alipoona nimekunja karatasi alikuja akanipigia magoti, mwanamke wa umri ule. Nilimwinua. Tumelia mpaka mjukuu wake akatuletea kanga tujifute.

Nilitegemea nitakuwa na hasira. Nimeitafuta kutwa nzima siioni. Hata mimi nina yangu ya kusema. Mwaka jana saa yangu ilipoanza kuteleza mpaka karibu na kiwiko, nilikuambia kamba imechakaa, nikanunua nyingine fupi. Nilipokuwa najipiga kofi tumboni pale kwenye kioo, nilisikia linavyolia, halikulia kama zamani. Nikakutazama nyuma yangu umetulia, nikasema moyoni, Fundi hajaona kitu, basi hakuna kitu. Nilikuachia wewe uone kwa niaba yangu. Sina haki ya kukudai ukweli ambao mimi mwenyewe sikuutaka.

Jana jioni nilijaribu kumfanyia dada mzaha kuhusu pafu la kulia. Haukutoka. Nilifungua mdomo ikatoka sauti sijui ya nani.

Basi la Jumatatu asubuhi lina nafasi, dada ameuliza. Usingoje Jumatano, na usikae nje na wanaokohoa. Naogopa, Fundi. Njoo.

Mumeo